Maji ya Matofali

Mara ya kwanza nilimwambia Madam kwa adabu. Mara ya pili nikamwambia kwa adabu tena, nikaongeza na samahani. Siku nilipowakuta watoto wamekalishwa mkekani chini ya ule ukuta wake mpya, kila mmoja na kikombe cha uji, adabu iliniisha.

Ni chekechea iliyo nyuma ya nyumba ninayopanga, upande wa Chimwaga hapa Dodoma, mahali ambapo zamani palikuwa na miiba na mbuzi na sasa ni mageti matupu. Mwanangu Ezra anasoma pale. Madam, mwenye shule, ana bustani nzuri kuliko zote mtaani: nyasi za kupandwa, maua, vitofali vidogo vilivyopakwa chokaa vimezunguka kila tuta, na mawe bapa ya kukanyagia yamepangwa kutoka getini hadi ofisini ili mzazi asichafue viatu. Asubuhi na jioni mlinzi anamwagilia kwa mpira, nyasi zinalewa maji. Halafu hatua chache tu kutoka kwenye nyasi ndipo ukuta ulipo. Mimi nimefuatilia ule ukuta tangu msingi, kwa sababu dirisha langu linatazama kule. Matofali yalishushwa na lori yakiwa bado na ile rangi ya kijivu cha ubichi. Jioni ile ile yakaanza kupandishwa. Hakuna nguzo. Umepanda kumzidi mtu mrefu, na hakuna aliyeumwagia hata kopo moja.

Nilipofika nilikwangua tofali kwa ufunguo wa mlango. Ufunguo ukazama kama kijiko kwenye ugali.

"Mama Ezra, leo umewahi," Madam akasema. Alikuwa kwenye yale mawe yake, sketi imepigwa pasi.

Nikamwomba awaondoe watoto pale. Akaniuliza jua lote hili nataka wakakae wapi, si ndiyo hapo kuna kivuli? Fundi amemhakikishia ukuta utakauka wenyewe. Akasema hivyo huku anatabasamu, tabasamu lile la kumtuliza mzazi asiyeelewa mambo.

Nilikwenda kwenye rundo la matofali yaliyobaki, nikabeba moja, nikalileta hadi mbele yake, nikaliachia juu ya jiwe la kukanyagia. Sasa tofali la maana likianguka linavunjika. Linatoa vipande viwili vitatu, vina kona, vinaweza kukukata. Hili lilimwagika. Pale chini palibaki kichuguu cha mchanga, na vumbi likapanda kwenye sketi.

Watoto walicheka. Ezra alicheka kuliko wote, akidhani mama yake amekuja kuwachezea mchezo. Mimi nikashika ncha ya mkeka nikauvuta na watoto juu yake, vikombe vikapinduka, uji ukamwagika, nikawaburuta hadi katikati ya nyasi ambako hairuhusiwi kukanyaga.

Madam akauliza kama nina wazimu. Nikamwambia ninao, apige simu anakotaka.

Mtaani wanasema nina hasira. Ninazo. Ngoja niwaambie nilikozipata, hasa ninyi wa rika langu mliokulia mji huu kabla haujawa mji wa wakubwa.

Kilichonitoa akili siku ile kilianzia puani. Mnaijua harufu ya tone la kwanza la mvua kwenye udongo wa Dodoma, kila mtu anaijua na kila mtu anaisifia. Ipo nyingine inayofanana nayo ambayo hakuna anayeisifia: maji yanapogusa saruji changa. Inanuka kama chaki uliyoilamba, halafu ina ujoto fulani. Tofali likitunzwa vizuri linanuka hivyo siku nyingi. Ukuta wa Madam ulinuka vumbi tu. Pua yangu ilijua kabla ya ufunguo.

Harufu ile ya saruji changa ndiyo iliyokuwa harufu ya mama yangu. Baba alikwenda machimboni akasahau njia ya kurudi, mama akatoka kijijini Mlali na sisi wawili, mimi na mdogo wangu Sechelela, tuliyemwita Seche. Kwanza aliuza karanga Majengo. Baadaye akapata kazi kwenye kiwanda cha matofali. Kiwanda nasema tu, ulikuwa uwanja wazi pembeni ya mji, una tangi la maji, lundo la mchanga wa korongoni na mashine moja iliyopiga kelele kama inaumwa jino. Wanaume walifyatua. Wanawake walimwagilia. Matofali yalipangwa mistari mirefu, yakafunikwa magunia, na mama alipita na ndoo na kopo asubuhi, adhuhuri na jioni, anamwaga taratibu ili asiyatoboe. Alirudi nyumbani kanga imelowa hadi magotini, mikono imechubuka na saruji, ananuka ile harufu. Mimi niliipenda. Nililala nimeshika mkono wake puani.

Kule kiwandani tulishinda naye, mimi nikitoka shule, Seche tangu asubuhi kwa kuwa alikuwa hajaanza. Siku moja Seche akamuuliza kwa nini anayanywesha mawe. Mama akamjibu bila kusimama. "Tofali ni kama mtoto. Siku zake za kwanza ndizo zinazomjenga. Ukimnyima maji siku hizo, hata umpe pipa zima baadaye, imetoka."

Mama alikuwa anasema mfano. Mimi niliuchukua ulivyo. Niliyaona matofali kuwa wadogo zetu wachanga, yamelala, yamefunikwa magunia, yanasubiri kunyonya, na mama yetu anakwenda kuyalea kutwa nzima. Niliyaonea wivu mbaya sana. Kwetu maji yalikuwa ya kupimiana. Uso tulinawa kwa kikombe, maji ya uso yakaoshea miguu, ya miguu yakanyunyizwa sakafuni kabla ya kufagia. Maharage hatukupika, maharage yanakunywa sana. Tulikula ugali wa uwele na mlenda. Halafu unaona mtu anamwaga ndoo nzima kwenye tofali. Siku moja nilimkuta Seche amelala kifudifudi kati ya mistari, analamba tofali. Nikamchapa. Kisha nikalamba na mimi.

Ndipo ujenzi wa chuo ulipoanza kule Chimwaga, watu wakaona mji unakuja. Kila mwenye kiwanja akataka ukuta, hata kabla ya nyumba. Malori yakapanga foleni pale kiwandani, madereva wanapiga honi. Matofali yaliyokuwa yakikaa chini ya magunia hadi yakaze yakaanza kuondoka siku inayofuata. Na mwenye kiwanda akawaita kina mama wa kumwagilia, akawaambia kuanzia leo waende kuchekecha mchanga. Boza la maji, lile lori la tangi, litaendelea kuja kwa ajili ya kuchanganyia, na yale yaliyokuwa ya kumwagilia, basi, wasihangaike tena na foleni za bomba. Kila mama ajaze ndoo zake mbili jioni aondoke nazo.

Mtoto wa umri wangu angeelewa nini? Nilielewa kwamba matofali yameachishwa ziwa. Zamu ilikuwa yetu.

Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, na naandika hivi nikijua nilichokuwa nafurahia. Tulioga. Tulikaa kwenye beseni kwa zamu, Seche akipiga maji na viganja hadi ukuta wa chumba ukachora ramani. Mama alipika maharage. Majirani walikuja na vikombe, mama akawapa, akawa mtu wa kutoa. Mwenye kiwanda tulimwita Baba Maji. Alikuwa mnene, mpole, mwenye kofia ya pama, na hakupita mbele ya watoto bila kuwasemesha. Tulimpa shikamoo, yeye baada ya marahaba alikuwa na swali lake.

"Mmekunywa leo?"

"Tumekunywa, Baba Maji."

"Basi kueni."

Nilimweka kwenye sala zangu kabla ya chakula. Nilimtanguliza mbele ya baba yangu mzazi, nikaona ni haki.

Mama alikuwa na desturi ya kurudi na matofali yaliyovunjika, akayapanga uani kutoka mlangoni kwetu hadi bafuni, maana masika uani pale palikuwa tope la kunyonya ndala. Yale ya mwanzo, ya enzi za kumwagilia, yalikaa. Tuliyarukia kwa mguu mmoja, asiyegusa chini ndiye mshindi. Baadaye akaongeza mengine kutoka bafuni hadi getini, ya enzi za Baba Maji. Mvua ya kwanza ilipoyagusa, Seche alirukia moja likamlainikia mguuni, likawa mchanga. La pili hivyo hivyo. Tulicheka hadi tukakaa chini. Tukayaita mawe ya sukari, tukawa tunashindana nani atamaliza mengi.

Mama alitoka ndani akatukuta. Hakugomba. Alichuchumaa, akashika konzi moja ya mchanga ule, akainusa, akaitupa nje ya uzio. Kisha akaingia ndani akafunga mlango. Nilidhani ametukasirikia kwa kuharibu njia yake. Nikamwambia Seche aombe msamaha, akaenda kuomba, na mama akatoka akamkumbatia kwa nguvu mpaka Seche akalalamika kwamba anabanwa.

Jumapili kiwanda kilikuwa kinafungwa, kwa hiyo Jumapili tulirudi kwenye bomba kama watu wote. Njiani kuelekea bombani kulikuwa na kiwanja cha mkubwa mmoja ambaye hatukuwahi kumwona. Tuliona ukuta wake tu. Ulikuwa mrefu, umenyooka, haujapigwa lipu, na nyuma yake hakukuwa na kitu, nyasi kavu tu. Wakazi waliupenda. Kivuli Dodoma ni mali. Watu walipanga madumu yao kwenye foleni, wakaenda kukaa chini ya ukuta, kina mama wanasukana, watoto wanacheza mdako, na foleni inasogezwa na mmojammoja aliye karibu kufikiwa.

Jumapili ile dumu letu lilikuwa limekaribia bomba, kwa hiyo nilisimama juani nalo. Seche alikaa kivulini na wenzake. Namwona hadi leo, miguu ameinyoosha mbele, anatikisa vidole.

Upepo ulikuja kama unavyokuja siku zote huku kwetu, bila taarifa, na vumbi lake, na mifuko ya nailoni. Watu walifumba macho wakashika kanga. Nilifumbua nikauona ukuta umeinama kidogo, kama mtu mzima anayemwinamia mtoto amsikilize anasema nini. Halafu ukalala. Haukupiga kishindo. Ulitoa sauti ya lori linapomwaga mchanga, na ile sauti mimi nilikuwa nimeizoea, ndiyo maana sikushtuka.

Wanaume walikimbia wakaanza kuchimba kwa mikono. Hawakuhitaji majembe wala nyundo. Matofali yalikuwa yanavunjika mikononi mwao, yanapita katikati ya vidole. Na mimi nilipoona hivyo nilifurahi. Sitaki kulificha hili, ndilo jambo la kitoto kuliko yote niliyowahi kuwaza: nilidhani kwa kuwa ni laini namna ile, hayajamuumiza. Nikajiambia Seche kafunikwa mchanga tu, sasa hivi atatoka anacheka, atasema mawe ya sukari.

Mama mmoja alivunjika mguu, akapona. Watoto wengine walitolewa wakilia. Seche alitolewa wa mwisho. Uso wake haukuwa na jeraha. Mdomo ulikuwa umejaa mchanga, na mtu mmoja, sijui nani, alikuwa anautoa kwa kidole, taratibu, kana kwamba bado kuna haja.

Msiba ulikaa uani kwetu kabla ya safari ya kwenda kuzika Mlali. Mnajua msiba unavyokula maji. Watu wanakuja, wanapikiwa, wananawa, wanakunywa, na mwenyeji analia huku anawaza ndoo. Asubuhi boza likasimama getini, limejaa. Baba Maji amelituma, na yeye mwenyewe anakuja nyuma kwa miguu, kofia mkononi. Watu walipumua. Masufuria yakajazwa, mapipa yakajazwa, hata jirani ambaye hakuwa na msiba akajaza. Mwenyekiti wa mtaa alisimama akamshukuru mbele ya waombolezaji wote, akasema watu wenye moyo huu wamebaki wachache. Nilijisikia fahari. Nilikwenda kumwamkia mbele ya watoto wenzangu ili wajue tunafahamiana. Aliniwekea mkono kichwani. Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani alikuwa amelia kweli.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Kilio kinakausha."

Nikanywa.

Hapo ndipo wazee walipomwita mama. Ni desturi, kabla maiti haijanyanyuliwa mfiwa anaulizwa, ili kitu kisije kikazikwa pamoja na marehemu halafu kikafukuka. Mpaka wakati ule uani palikuwa na maneno ya kila aina. Wengine walisema upepo. Shangazi alisema mkono wa mtu, akawa anamtazama jirani mmoja aliyekuwa anakitaka chumba chetu. Mchungaji alisema Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Tofali hakulitaja mtu hata mmoja.

"Mama Seche," mwenyekiti akasema, "una neno na mtu?"

Mama alikuwa amekaa chini, miguu ameikunja. Aliinua macho akalitazama boza. Alilitazama muda mrefu mpaka wanawake wakaanza kukohoa. Bomba la nyuma lilikuwa linavuja, tone, tone, na mtoto wa mtu amekinga kikombe.

"Sina neno na mtu," akasema.

Niliona ameusamehe upepo. Nikaona mama yangu ni mtu mkubwa sana.

Tuliporudi kutoka Mlali aliendelea na kazi kwa muda, lakini ndoo hakuleta tena. Wenzake walipita na zao, majani yanaelea juu maji yasimwagike, na yeye anapita mikono mitupu. Tukarudi kwenye kikombe cha kunawia uso. Tukarudi kwenye mlenda. Nilimchukia kwa hilo. Niliwaambia watoto wenzangu kwamba kilio kimemharibu mama akili, anakataa maji ya bure ya mtu aliyetusaidia kumzika Seche. Mwaka haukuisha akaacha kiwanda, tukarudi Mlali kulima. Baba Maji alitusindikiza na gunia la mahindi. Alituona hadi tunapanda gari, akapunga mkono, na mimi nikampungia hadi alipopotea.

Maisha yakaenda. Nilisoma sekondari nikamaliza, nikarudi mjini kutafuta maisha, nikaolewa, na mimba ya Ezra ilipofika miezi ya kuchoka nikaenda kupumzika kwa mama. Tulikuwa tumekaa barazani tunamenya karanga. Ng'ambo ya njia mwalimu mmoja alikuwa anajenga, na mkewe anapita kwenye mstari wa matofali na ndoo na kopo. Upepo ukaileta ile harufu. Nikafumba macho, nikasema, mama, hiyo ni harufu yako.

Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Zile ndoo," akasema.

Nikauliza ndoo gani.

"Za Baba Maji. Yalikuwa maji ya matofali. Na ule ukuta uliomlalia Seche ulitoka kiwandani kwetu, wala usidhani nabahatisha. Mimi ndiye niliyeyapakia matofali yake kwenye lori. Yalikuwa bado yanatia ubaridi mikononi."

Nilimuuliza, na sikumuuliza kwa upole, kwa nini basi hakusema siku aliyoulizwa mbele ya watu wote. Akamenya karanga kadhaa kwanza.

"Uani pale kila mtu alikuwa na kikombe chake mkononi. Ningemwambia nani? Na mimi nilikuwa nimewaogesha ninyi kwa maji hayo. Ningeanzia wapi kusema?"

Nikaanza kumwambia kwamba hakuwa na kosa, alikuwa mama mwenye kiu na watoto wenye kiu. Akanikata.

"Sikukwambia ili unipoze. Nimekwambia kwa sababu unakwenda kuwa na mtoto. Pahali utakapomweka, kakague."

Sijamrudisha tena kwenye mazungumzo hayo. Lakini mimi sikulala vizuri hadi nilipojifungua, na tangu nijifungue ndio silali kabisa. Ninachokasirikia si ubahili wa Baba Maji. Angekuwa bahili, angeyauza yale maji, na mama angebaki na mdomo wake. Alikuwa mkarimu. Aliwajua watu wa Dodoma, alijua mtu mwenye kiu ukimpa maji hawezi kukutazama usoni tena. Wale kina mama ndio pekee mjini waliojua tofali lipi limelelewa na lipi halikulelewa, na wote walikuwa na ndoo zake kichwani. Hata jina zuri tulimpa sisi wenyewe, watoto.

Kwa hiyo niliposimama kwenye nyasi za Madam na watoto wa watu wamenizunguka na uji miguuni, sikuwa mgeni wa jambo lile. Mwenyekiti wa mtaa akaja. Wazazi wakajaa getini. Mmoja akasema nimewatisha watoto. Mwingine, baba mwenye pikipiki, akasema shule ndiyo hii tuliyonayo, tukiivunja wake zetu watakwenda kazini na watoto mgongoni? Wakaongea kwa busara sana. Waliniita dada. Fundi akaitwa, naye akaniambia pembeni, sauti ya chini, kwamba anapanga anacholetewa. Yeye mwenyewe ukuta ule hawezi kuuegemea.

"Kawaambie hao basi," nikamwambia.

"Dada, mimi kesho nahitaji kazi."

Madam alinipeleka ofisini, akafunga mlango, akanimiminia soda. Alikuwa ametulia sasa. Akasema ananielewa kama mama mwenzake. Ezra ni mtoto mzuri, ana akili. Kuanzia kesho atahamishiwa darasa la mbele, hapa jirani na ofisi, mbali kabisa na ukuta, na mapumziko atakaa barazani na mwalimu.

"Na wengine?" nikauliza.

"Wengine wazazi wao hawajalalamika."

Soda sikuinywa. Nilimchukua Ezra, na kabla ya kutoka nikapita palepale kwenye rundo, nikavunja kona ya tofali kwa vidole nikaitia kwenye mfuko wa nailoni.

Kesho yake nilikuwa ofisi ya mtendaji wa mtaa kabla haijafunguliwa. Dada wa mapokezi alinisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza, kisha akaniuliza nani ameumia. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza basi uharibifu wa mali? Nikamwambia hakuna. Akaweka kalamu chini, akanishauri kwa nia njema kabisa niende nikasubiri nione, kwa sababu kwa sasa hakuna tukio. Lalamiko bila tukio ataliweka faili gani?

Nikamwomba karatasi. Akasema ni lazima liwe la maandishi na nakala mbili. Nikamwambia anipe mbili. Nikakaa kwenye benchi na Ezra akiniegemea, nikaandika, mwandiko wangu wa kidato cha nne ambao mwalimu alikuwa anausifia. Sikuondoka mpaka mtendaji mwenyewe alipotoka, akasoma amesimama, akatazama ule mfuko, akanitazama mimi, na kugonga muhuri kwenye nakala zote mbili. Moja ninayo. Inasema hivi.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UKUTA WA CHEKECHEA MTAANI KWETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa mtaa huu na mzazi katika shule hiyo. Nalalamikia ukuta mpya uliojengwa ndani ya uwanja wa watoto. Matofali yake yalipangwa yakiwa mabichi na hayakumwagiliwa maji. Ni mrefu na hauna nguzo. Unakwanguka kwa ufunguo, na kipande nimekiambatanisha mkikague wenyewe. Watoto wanakalishwa chini yake kila siku kwa sababu kuna kivuli.

Naomba mhandisi aje aukague. Naomba ubomolewe, kuanzia juu kushuka chini, wakati watoto hawapo. Hadi hapo, naomba mwenye shule aamriwe kwa maandishi kuwakalisha watoto upande mwingine, hata kama ni kwenye nyasi.

Nimeshauriwa nimhamishe mtoto wangu peke yake, na nimeshauriwa nisubiri. Nimekataa yote mawili. Mwenye shule ni mtu wa heshima na amekuwa mwema kwangu. Hilo lisizuie barua hii kusomwa.

Hadi ninapoandika, hakuna mtoto aliyeumia. Naomba ishughulikiwe ikiwa bado ni hivyo.